Paul McStay kung'ang'ania Celtic tu: uaminifu au uoga?

Kijiwe_Temeke
Wadau, naleta mada. Paul McStay, kiungo fundi wa Scotland waliyembatiza "Maestro", alicheza Celtic peke yake kuanzia 1982 hadi kustaafu 1997. Mechi 76 timu ya taifa. Halafu Rangers, mahasimu wao wakubwa, wanabeba ubingwa mara tisa mfululizo, yeye ni nahodha wa timu inayokaribia kufilisika. Msimu wa 1992 unaisha, akawarushia mashabiki jezi yake, watu wakajua ndiyo kwaheri. Msimu mpya unaanza, huyu hapa! Uaminifu au uoga?

Mkongwe_Tanga
Uoga? Kijana, ulimwona akicheza au umesimuliwa? 1988 Celtic inatimiza miaka mia, wakachukua ligi na Kombe la Scotland, injini pale kati ni yeye.

Bob_Mabibo
Shikamoo mzee, ila na penalti ya 1994 utuambie. Fainali ya Kombe la Ligi na Raith Rovers, timu ya daraja la pili! 2-2, wanapigiana mikwaju, wa Maestro kipa akaupangua, kombe likaenda. Na ligi yenyewe ukitoa Celtic na Rangers iliyobaki ni ndondo. Hata Wanyama, yule kiungo Mkenya, alikaa Celtic misimu miwili akachoka.

Mkongwe_Tanga
Marahaba. Ndondo? Aberdeen walimfunga Real Madrid fainali ya Ulaya 1983. Na hiyo penalti, Baggio wa Italia si alikosa mwaka huohuo, tena fainali ya dunia? Mbona yeye mnamwimbia? McStay alinyanyua Kombe la Scotland Mei 1995, miezi sita tu baada ya hiyo Raith yenu.

Jogoo_Road
Bob, hapo kwa Wanyama umekosea njia. Hakuchoka, alinunuliwa. Southampton walitoa pauni milioni 12 na ushee. Na Novemba 2012 aliwatia Barcelona kichwa, Messi na Xavi wakiwa uwanjani wanaangalia. Nyinyi Bongo mna nani?

Kijiwe_Temeke
Samatta. Wembley, 2020, fainali ya Kombe la Ligi, akiwa Aston Villa, aliwafunga Man City. Kichwa pia. Unataka risiti?

Jogoo_Road
Villa si walichapwa 2-1 siku hiyo? Na kabla mwaka haujaisha mtu wenu yuko Uturuki kwa mkopo. Wanyama Southampton, kisha Spurs, miaka.

Dada_Kiungo
Jamani, turudi kwa McStay. Mnasahau kwamba enzi zile mkataba ukiisha bado klabu inadai ada ndipo uende. Kesi ya Bosman, iliyowaruhusu wachezaji Ulaya kuondoka bure mkataba ukiisha, imeamuliwa Desemba 1995, McStay ana miaka 31 na kifundo cha mguu ndicho kilichokuja kumstaafisha. Unamwitaje mwoga mtu ambaye mlango wenyewe ulikuwa na bei?

Bob_Mabibo
Dada, Bosman ni Mbelgiji, Celtic anaingiaje?

Mkongwe_Tanga
Hakuna aliyenijibu la Baggio.

Kijiwe_Temeke
Mzee, Baggio alipita Juve, Milan, Inter. Alithubutu kuhama. Jogoo, Wanyama kafunga fainali gani Wembley? Nasubiri.

Jogoo_Road
Subiri ukiwa umeketi. Kwanza nihesabie mabao ya Samatta kwenye ligi ya Uingereza, vidole vya mkono mmoja vitabaki.

Bob_Mabibo
Hahaha, Kijiwe jibu hilo. Mimi Raith yangu nimeshaisema.