Tupeane uzoefu: siku kadi ya benki ilipokuliza

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, heshima kwenu. Leo jioni nimekwenda kutoa hela ya ada. Pale mlangoni pa ATM kasimama kijana, shati jeupe limepigwa pasi, ananiambia, "Shikamoo mzee, hii mashine inasumbua, ngoja nikuelekeze." Nikageuka nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mama watoto ananicheka mpaka sasa.

Hajui kwamba mwaka 2016, Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, nilipewa shikamoo kama hiyo hiyo. Ilikuwa Ijumaa, mishahara imetoka, dirishani wameshafunga, foleni ya ATM imefika barabarani. Zamu yangu ikafika. Nachomeka kadi, inatemwa. Nachomeka tena, inatemwa. Nyuma watu wanaguna. Kijana akasogea na adabu zake zote: "Mzee, hilo ni vumbi tu." Akaichukua kadi, akaifuta kwenye shati, akaichomeka yeye mwenyewe, ikakubali. "Haya, weka namba ya siri." Nikaweka. Yeye katazama juu kama mtu na heshima zake, kumbe anasoma vidole. Mashine ikasema namba si sahihi. Nikarudia, si sahihi. "Usijaribu mara ya tatu mzee, itaimeza. Jumatatu nenda dirishani." Akanirudishia kadi. Nikamshukuru, na buku ya soda nikampa!

Jumatatu binti wa dirishani akaipokea kadi, akaiangalia, akaniangalia mimi. "Mwalimu, huyu Mwanahawa ni nani wako?" Kadi ya benki ile ile, rangi ile ile, ila si yangu. Ya kwangu ilibadilishwa pale pale wakati inafutwa vumbi. Ijumaa walitoa, Jumamosi wakatoa, Jumapili wakatoa, kila siku mpaka kikomo cha siku. Mshahara na mkopo wa mabati, vyote. Salio 3,400.

Niliketi kwenye benchi la benki sisikii kitu. Simu ikaita, ni fundi: "Mwalimu, mimi nimeshafika na ngazi, mabati yako wapi?"

Sikumjibu. Nilikata simu, nikaizima kabisa. Nyie wenzangu yaliwakuta yapi?

Kobe Mzee
Pole sana Mwalimu. Hiyo ya fundi na ngazi imeniuma kuliko hela yenyewe.

Dereva wa Masafa
Yaani ulimpa na buku 😂 Samahani mkuu, sicheki, ila nacheka.

Tela Mstaafu
Nimekaa dirishani miaka 11, kesi kama ya Mwalimu nimeziona nyingi, na nyingi ziliishia patupu. Sababu ni moja: namba ya siri imetumika sahihi, basi benki inasema ni wewe, au umempa mtu. Ndiyo maana sichoki kuwaambia watu wafunike mkono, hata kama nyuma yako amesimama mchungaji wako.

Ukishtuka, kwanza piga simu kadi ifungwe, hapo hapo, usisubiri Jumatatu. Andika muda uliopiga. Halafu polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, halafu barua ya malalamiko, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Omba kwa maandishi picha za kamera zihifadhiwe, maana hazikai milele. Wakikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Barua yenye muhuri ndiyo itakayokusemea huko. Ukienda na maneno matupu utarudi nayo.

Binti Kirumba
Mimi kadi ilikuwa kwenye pochi na pochi kwapani, na bado nililizwa. Niko Mwaloni napakia dagaa, naona simu haina mtandao. Nikasema labda mvua. Mpaka saa kumi na mbili jioni haina mtandao, na wenzangu wote wanaongea na simu. Kumbe kuna mtu karenyuu laini yangu huko, yaani kachukua laini mpya yenye namba yangu, simu ya benki sasa ni yake, meseji za uthibitisho zinaingia kwake. Laki 9 na nusu. Hela ya watu wa Ukerewe hiyo, si yangu peke yangu.

Kobe Mzee
Lakini si tulisajili kwa alama za vidole jamani? Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilizimwa, tukapanga foleni za kitambulisho cha NIDA mpaka usiku. Zile foleni zilikuwa za nini?

Binti Kirumba
Kaka, wiki moja kabla kijana wa mwavuli alinisajilia laini ya mama. Kila nikiweka kidole anasema hakijasoma, weka tena. Niliweka mara tano. Sasa wewe jumlisha.

Tela Mstaafu
Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na hizo namba za matapeli wa meseji za "tuma kwa namba hii" ziripotini kwa meseji 15040, msiishie kuzitukana.

Dereva wa Masafa
Kuzitukana kunasaidia pia mkuu. Roho inatulia.

Mpwa wa Tabora
Dawa ninayo. Mwizi akikushikia kisu ATM, weka namba ya siri kinyumenyume. Hela inatoka, ila polisi wanapata taarifa kimya kimya.

Tela Mstaafu
Huo ni uongo, ulikuwepo kabla hujazaliwa.

Mpwa wa Tabora
Uongo vipi na mjomba wangu yuko mjini anafanya kazi benki?

Tela Mstaafu
Kama namba yangu ni 1221, kinyumenyume ni ngapi?

Mpwa wa Tabora
Si kila mtu anaweka 1221.

Dereva wa Masafa
Mjomba anafanya kazi benki au analinda benki? Fafanua 😂

Mpwa wa Tabora
Kulinda nako ni kazi. Heshimuni wazee.

Mpemba wa Muscat
Asalaam alaykum. Huku Muscat wao hawaji ATM, wanapiga simu. Mtu anakwambia kadi yako imefungwa, soma namba 16 za mbele, halafu 3 za nyuma, halafu ile itakayokuja kwa meseji. Mwenzangu wa chumbani alizisoma zote, kwa sauti, mimi nimekaa kitandani nampungia mkono anyamaze, naye ananipungia mkono ninyamaze mimi. Alipokata simu akaniambia, "Umenitia aibu mbele ya mtu wa benki." Baada ya muda mchache meseji ikaingia.

Kobe Mzee
Nilihifadhi namba ya siri kwenye simu kwa jina Fundi Bomba. Wakaiba simu na pochi kwa pamoja. Kumbe fundi bomba wenye namba za tarakimu nne tupo wengi, wanatujua.

Mama Wawili
Niliapa sitalisema hili. Ila usiku huu nimesoma ya Mwalimu, na humu hamnijui.

Kila mwezi kwenye akaunti yangu ilikuwa inapungua 50,000. Sipati meseji kwa kuwa nilikataa makato ya meseji, najiona mjanja. Kadi naiacha kwenye droo, namba ya siri ni mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza. Nikamshuku dada wa kazi. Nani mwingine? Nilipekua begi lake mbele ya watoto. Analia, ananiambia, "Mama, mimi hata ATM sijui inafunguliwa wapi." Nikampandisha basi la Singida, mshahara wa mwezi ule nikaukata.

Mwezi uliofuata zikaondoka tena 50,000. Na uliofuata.

Nikaenda polisi, nikapata RB, benki wakaombwa picha. Afisa akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. Ni mama mkwe. Kavaa kanga niliyomnunulia mimi Idi. Mkononi kamshika mwanangu mdogo, ndiye anayembonyezea namba, maana yeye macho hayaoni vizuri.

Nikamuuliza baba watoto. Akasema, "Mama anahitaji dawa, na wewe ungekataa." Alijua tangu mwanzo. Dada wa kazi analia sebuleni, yeye yupo pale anakula.

Dereva wa Masafa
😳

Mpwa wa Tabora
Mwalimu tusamehe, uzi umehama nyumba.

Shangazi Mkali
Mtoto wa kiume anakaa anakula ugali huku binti wa watu anapekuliwa begi! Dada, uko hapo bado?

Baba Juma
Tusimhukumu mama mkwe. Mzee anaumwa, mwanamke anaficha kadi kwenye droo, mume atasemaje? Elfu hamsini ya dawa ni wizi?

Shangazi Mkali
Ni wizi. Angeomba.

Baba Juma
Labda aliomba akanyimwa. Tumesikia upande mmoja tu hapa.

Mama Wawili
Hakuniomba. Angeniomba ningempa 100,000, Mungu shahidi.

Tela Mstaafu
Kisheria kutumia kadi ya mtu bila ruhusa ni kosa hata ukiwa ndugu. Ila niseme ukweli, katika watu waliokuja dirishani kwangu wakilia, wengi mwizi alikuwa anakula nao. Wale wa mashine za kunakili kadi tulikuwa tunasikia zaidi kuliko kuwaona, na chipu imewapunguzia kazi, kwa sababu kila muamala inatoa alama mpya. Mkanda mweusi wa nyuma ndio ulikuwa rahisi kunakili. Chipu haina dawa ya droo.

Kobe Mzee
Mimi nauliza moja tu. Yule binti wa Singida yuko wapi?

Shangazi Mkali
Swali langu hilo hilo.

Mama Wawili
Sijui.

Kobe Mzee
Hujampigia?

Mama Wawili
Ningemwambia nini?

Baba Juma
Turudi kwenye mada. Mimi hela zangu naweka kikoba, hakuna kadi, hakuna namba ya siri.

Binti Kirumba
Cha kwetu mweka hazina yuko Geita na laini zote kazima. Bora benki.

Mpwa wa Tabora
Fungueni akaunti mbili. Moja ya mshahara isiyo na kadi, nyingine ya kadi unaweka matumizi ya wiki tu. Hili halijatoka kwa mjomba, ni langu.

Tela Mstaafu
Hapo kijana umesema. Na hayo makato ya meseji yalipeni, ni kidogo kuliko mtakachoibiwa.

Mpemba wa Muscat
Mie kadi ya kugusa naifunga kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia nyama choma. Watu wananicheka kaunta.

Dereva wa Masafa
Na mimi nakucheka, ila nitajaribu.

Mama Wawili
Nimempigia. Namba inatumika na mtu mwingine, mwanaume wa Manyoni. Nimemwomba radhi kwa usumbufu. Kesho naenda stendi kumtafuta kondakta wa basi lile, huenda anakumbuka alishukia kijiji gani.

Shangazi Mkali
Chukua na ule mshahara uliomkata. Na nauli ya kurudi usimlazimishe kuitumia.

Mwalimu wa Zamu
Dada, ukimpata tujulishe.

Dereva wa Masafa
Wakuu, samahani nawakatiza. Mimi niko Mbezi kwenye ATM sasa hivi, kadi imemezwa, hela haijatoka. Kuna jamaa nje anasema ana namba ya huduma kwa wateja imebandikwa ukutani, nipige. Nifanyeje?

Tela Mstaafu
USIPIGE hiyo ya ukutani! Ingia kwenye programu ya benki kwenye simu yako ufunge kadi, au mpigie mtu nyumbani akusomee namba iliyo kwenye barua ya benki. Na usiondoke hapo mlangoni.

Dereva wa Masafa
Jamaa kasogea. Kavaa shati jeupe.

Mwalimu wa Zamu
LIMEPIGWA PASI?