Pikipiki inakata umeme wote, kisha unarudi wenyewe

Swali: Wakuu, pikipiki yangu ya cc 125 hukata umeme ghafla, taa, honi na injini kwa pamoja, hasa ninapopita kwenye matuta, na baada ya sekunde chache umeme hurudi kana kwamba hapakuwa na tatizo. Betri ni mpya. Nianzie wapi?

Jibu: Mkuu, kinachozima kila kitu kwa pamoja kipo kwenye njia kuu: terminali za betri, waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu, fyuzi kuu au swichi ya ufunguo. Washa taa, kisha zungusha usukani taratibu huku na huku. Zikizimika, huenda waya umekatikia ndani ya mpira karibu na shingo ya usukani, ingawa kwa nje unaonekana mzima.

Jibu: Fyuzi isihukumiwe kwa macho tu. Yangu ilikuwa nzima, lakini kishikio chake kilikuwa kimeungua na kulegea.

Muulizaji: Asanteni. Nati ya waya wa hasi ilikuwa inazunguka kwa vidole, na chini yake pamejaa kutu ya kijani. Nimesugua kwa msasa na kukaza. Tangu juzi haijazima.