Tupeane uzoefu: umeshakutana na watu wanaochanganya Kilatini na Kihispania?

Mwanzisha uzi
Wakuu habari za jioni. Nafundisha Kihispania hapa Dar, wengi wanaokuja ni vijana wa utalii na wale walioipenda lugha kupitia tamthilia, na kila darasa jipya likianza swali hili halikosi: "mwalimu, hiki ndio kile Kilatini cha kanisani?" Kuna mmoja alikuja anataka kabisa Kilatini ili aongee na mchumba wake wa Colombia. Siwalaumu, shuleni wamesikia "Amerika ya Kilatini" mpaka imewakaa kichwani, sasa mtu atajuaje kwamba kule hakuna mtaa hata mmoja watu wanasalimiana kwa Kilatini? Kilatini ni lugha ya Roma ya kale, imebaki kanisani, kwenye sheria, dawa na majina ya mimea. Kihispania ni mtoto wake mmoja tu, ndugu zake ni Kireno, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromania. Hilo jina la Amerika ya Kilatini lilishika karne ya 19, na Wafaransa wa Napoleon III walilipigia debe sana kipindi kile wametuma jeshi Mexico, walitaka waonekane ndugu wa watu wa kule kwa sababu ya asili ya lugha. Haya tiririkeni, nani yamemkuta?

Mdau wa Moshi
Mimi napandisha wageni Kilimanjaro. Kuna msimu kampuni niliyokuwa nafanyia ilinipa karatasi imeandikwa "wageni Walatini, apewe wa Kihispania", basi nikafika geti la Machame nikawapokea na hola, bienvenidos, na hotuba yote ya usalama nikaimwaga kwa Kihispania. Walinisikiliza kwa adabu kabisa, nilipomaliza mama mmoja akaniambia taratibu sisi tumetoka Brazil, tunaongea Kireno. Wanakielewa Kihispania kwa kiasi lakini ilionekana wamechoka kuhesabiwa hivyo kila nchi wanayoenda, na iliniuma maana hawa watu wamelipa hela nyingi na hakuna aliyejihangaisha kuwauliza wanaongea nini. Usiku kwenye hema la kulia nikamgongea ile meza ya kukunja nikamwambia sisi hii tunaiita meza. Akashtuka, "mesa!" Tukaendelea hapo hapo, leso, bendera, mvinyo, kila neno anacheka na kumtafsiria mumewe, supu ikapoa hatuna habari.

Muuguzi, Houston
Mdau wa Moshi umenirudisha seminari ndogo, mensa, mensae, mensae, mensam, tuliimba hiyo kila asubuhi kama wimbo wa taifa. Mensa ndio meza ya Kilatini, Wareno wakaifanya mesa na wao ndio waliotuletea pwani.
Sasa sikieni ya huku Texas. Msimamizi wangu alisikia nimesoma Kilatini, siku moja akaniita mbio nikamtafsirie bibi mmoja wa Guatemala, eti si ndio hao hao Latin. Nikamwambia bosi Kilatini changu ni cha misa na cha vyeti vya dawa, hiyo "ter die" unayoandika kila siku kwamba mara tatu kwa siku, bibi huyu hawezi kunielewa. Ikapigwa simu kwa mkalimani wa Kihispania. Bibi anajibu neno moja moja, sí, no, sí, na huku ameshika tumbo. Tukajua kuna kitu hakijakaa sawa. Jioni binti yake alipofika ndio akatuambia mama anaongea Kikʼicheʼ, lugha ya Wamaya, Kihispania ni cha sokoni tu. Alipotafsiri binti, maumivu yakapatikana yalikuwa upande tofauti kabisa na tulioandika kwenye faili. Nawaambia ukweli hili jambo linaweza kuua mtu.

Mwanzisha uzi
Pole sana kaka, na asante kwa kuileta hiyo. Watu wengi hawajui kabisa kwamba kule kuna lugha za wenyeji ambazo zipo hai. Paraguay kwa mfano, Kiguarani ni lugha rasmi sambamba na Kihispania kwa katiba ya 1992, na wanakiongea hata wasio na asili ya Waguarani.

Mdau wa Lubumbashi
Huku kwetu hii habari ni ya zamani. Nkambo yangu, yaani babu, alikuwa anatumikia misa kwa mapadri wakati wa Wabelgiji, na alikuwa na sahani za GV, zile za muziki wa Cuba zilizoanza kuingia Kongo miaka ya 1930. Yeye aliamini wale wanaimba Kilatini, kwa sababu kila akisikiliza anakamata neno linalofanana na la misa. Waimbaji wetu nao waliiga, wakawa wanatia vipande vya Kihispania ambavyo wengine hawakujua maana, na ndani ya rumba hiyo ngoma zilizotoka kwetu na watumwa zilikuwa zimerudi nyumbani. 2021 UNESCO wakaiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, mzee hakuiona siku hiyo.

Mdau wa Songea
2013 parokiani kwetu. Papa Benedikto alitangaza kujiuzulu kwa Kilatini, akaja Papa Fransisko wa Argentina, basi kwenye jumuiya watu wakawa wanasema sasa misa inarudi Kilatini maana Papa ni Mlatini. Kumbe ni huyo huyo aliyekuja kuibana misa ya zamani mwaka 2021.

Mdau wa Ubungo
Chuoni nilikaa chumba kimoja na jamaa wa Guinea ya Ikweta. Akiongea Kihispania kwenye simu watu wanamwambia wewe sio Mlatino umejifunzia wapi, naye anawaeleza kwa upole kila mara kwamba Hispania iliwatawala mpaka Oktoba 12, 1968, shule nzima kasoma kwa Kihispania, na mama yake nyumbani anamsemesha Kifang.

Mwanzisha uzi
Mkuu huyo jamaa bado yupo Dar? Niunganishe naye PM tafadhali, natamani sana aje aongee na darasa langu, nauli na chakula juu yangu.