Sabuni ya mwani na karafuu inaganda kabla sijaimimina, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Niko Tanga, natengeneza sabuni za kipande nyumbani. Kipimo changu: mafuta ya nazi gramu 700, mawese 300, kostiki soda 160, maji 330, na unga wa mwani vijiko viwili. Kostiki naitia kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki, hilo nilionywa mapema. Ya mwani mtupu inatoka safi kabisa.

Shida ni karafuu. Nikitia tu mafuta yake, uji unakaza ghafla kama ugali, nabaki kuushindilia kwenye kibao na vipande vinatoka na matundu. Mzigo wa juzi haufai kuuzwa, watoto wanafulia soksi. Nimepunguza kutoka gramu 10 hadi 5, bado.

Je, nisubiri mafuta yapoe zaidi, au karafuu niichanganye na mafuta ya nazi tangu mwanzo? Unga wa karafuu niliujaribu, unakwaruza ngozi.

Pia wateja wameanza kuniulizia alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango). Aliyepitia njia hiyo, ulianzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) au ulienda moja kwa moja?