Tupeane uzoefu: mmefanya nini kuhifadhi historia ya familia na ya ushago (kijijini kwetu kwa asili) kabla wazee hawajatuacha?

Mjukuu wa Maragua:
Hamjambo wadau. Naishi Umoja hapa Nairobi, ushago ni Maragua. Mwezi wa nne tulimzika cucu, yaani nyanya yetu. Jioni moja kabla ya mazishi nilikuwa River Road kwa mchapishaji nikingoja programu mia mbili za mazishi. Simu mbili masikioni, mjomba huku, shangazi kule, na wasifu wa marehemu haujaisha. Alizaliwa lini? Angalia kitambulisho. Kitambulisho kina 1943 kavu, bila siku wala mwezi. Haya, andika 1943. Watoto wangapi? Mjomba akasema saba. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanane. Kulikuwa na mwingine kule kijijini, wakati wa Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau." Jina lake? Hajui. Mchapishaji akakohoa, maana alitaka kufunga duka. Nikaandika saba.

Kesho yake binamu yangu akasimama chini ya hema akasoma: alizaliwa 1943, akajifungua kifungua mimba wake 1952. Mzee mmoja safu ya pili akahesabu kwa vidole, akamwambia mwenzake kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Alizaa akiwa na miaka tisa?" Watu walicheka. Hata sisi wafiwa tulicheka. Ila tangu nirudi mjini sijalala vizuri. Mtu pekee aliyejua majibu ndiye aliyekuwa ndani ya sanduku.

Kwetu historia ya mtu huandikwa siku tatu, tena na watu wenye usingizi. Nyinyi mnafanyaje?

Mwana wa Kangundo:
Pole sana kwa msiba. Hiyo 1943 haikutoka hewani. Mwaka huo kwenu kulikuwa na njaa ya muhogo, ng'aragu ya mianga. Nadhani karani alimuuliza mwaka wa kuzaliwa, cucu akamtajia njaa anayoikumbuka, karani akaandika akaita anayefuata. Kama alikuwa anaikumbuka, basi alishakuwa msichana anayejua njaa ni nini.

Sisi Wakamba ndivyo tunavyohesabu. Nina daftari la kurasa 96 nililolipiga mstari katikati. Kushoto jina la tukio, kulia mwaka. Juu kabisa Ngomanisye, ile njaa kubwa ya 1898 na 1899 wakati reli inapita. Halafu nzige wa mwisho wa miaka ya 1920. Halafu yua ya ndeke, njaa ya ndege, 1961, chakula kilipoangushwa kutoka angani, na mwaka huohuo ukaisha kwa mafuriko. Halafu Uhuru, 1963, ambao hakuna asiyeukumbuka.

Sasa siri iko kwenye swali. Usimuulize mzee "mwaka gani?" Atakuona karani, na karani hudanganywa. Muulize, "Ndege zilipoangusha chakula, ulikuwa unafanya kazi gani pale nyumbani?" Susu yangu, yaani nyanya, alisema alikuwa amembeba mamangu mgongoni na mimba nyingine tumboni. Kitambulisho chake kilikuwa kinamfanya awe na miaka kumi na moja wakati huo. Kwa sentensi moja tu nilimrudishia karibu miaka kumi.

Msema Pole:
Hizi ni kazi za watu wenye nafasi. Wengine tunatafuta kodi ya nyumba.

Kunguru wa Moi Avenue:
@Msema Pole, mimi niliianza kazi hii nikiwa sina kazi, kwa hiyo nafasi ilikuwepo tele.

Kwetu ni Kimilili, Bungoma. Nilikuwa napita kila siku mbele ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, lile jengo lililokuwa Benki ya India, nikidhani ni la maprofesa. Siku moja mvua ikaninyeshea, nikaingia. Chini kuna mikusanyo ya Joseph Murumbi, yule makamu wa rais wa pili, vinyago na vitu vya kila aina. Nikaulizia ukumbi wa kusomea, nikalipa ada ndogo, nikakaa.

Siku mbili za kwanza sikupata kitu kwa sababu nilikuwa natafuta "Bungoma". Hapo zamani hakuna Bungoma kwenye majalada. Unatafuta North Kavirondo, ukisogea mbele kidogo North Nyanza, kisha Elgon Nyanza. Wewe mwenye Maragua, tafuta Fort Hall. Watu wa Nyahururu tafuteni Thomson's Falls. Mtu asiyejua jina la zamani la kwao atarudi nyumbani akisema serikali haina kitu.

Nilichokuta ni ripoti za mwaka za bwana DC, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, nyingi kwenye filamu ndogo unazozungusha kwa mkono hadi macho yanatoa machozi. Kodi, ng'ombe, mvua, barabara, chifu fulani mvivu, chifu fulani hodari. Soko letu limo, siku ya soko imo. Babu yangu hayumo, na wanawake karibu hawamo kabisa, utadhani wilaya nzima ilikuwa ya wanaume na mifugo. Isitoshe, si majalada yote yaliyobaki nchini. Mengine yalipakiwa kwenda Uingereza kabla ya Uhuru, yakafichwa Hanslope Park, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyaibua 2011. Kwa hiyo ukikosa kitu cha Hali ya Hatari usidhani hakikutokea.

Nilipopeleka nakala nyumbani ndipo wazee walipofunguka. Nilimsomea mjomba maneno ya DC kuhusu barabara yetu akaruka kitini: "Mwongo huyo! Barabara hiyo tulichimba sisi!" Akanitajia waliochimba, mmoja mmoja, kwa marika yao: huyu Maina, huyu Chuma, huyu Sawa. Kwetu marika ni manane na yanazunguka, jina hurudi baada ya karibu miaka mia. Nilikuwa nimemsumbua miaka mitatu anieleze habari hizo, akawa ananijibu "mambo ya zamani hayo". Kumbe alikuwa anasubiri mtu wa kubishana naye.

Mama Wawili, Kahawa:
Mimi nitasema kosa langu ili mwingine asilirudie. Tulikuwa na picha moja tu ya guka, yaani babu, ya studio, amesimama kando ya kiti akiwa na koti la kuazima. Nikaona imeanza kujikunja, nikaipeleka kwenye duka la fotokopi mjini ikapigwe lamineshoni, eti nahifadhi. Ilitoka kwenye ile mashine imefura malengelenge usoni. Uso wa guka, si koti. Kijana wa mashine akaniangalia, mimi nikamwangalia. Hakuna dawa, plastiki ikishashika haibanduki. Mama hajui hadi leo, na akisoma hapa nimekwisha.

Baadaye nilifundishwa na mtu anayezijua. Kwanza piga picha ya hiyo picha, kwa simu tu, karibu na dirisha, bila taa ya simu, ukiwa umeilaza mezani. Nyuma yake andika majina kwa penseli, kidogo kidogo pembeni. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, usiiweke kwenye mfuko wa nailoni unaotoa jasho. Zile albamu za kurasa zenye gundi ndizo adui mkubwa, zinakula picha taratibu. Na usiziache kwenye sanduku la bati lililokaa sakafuni jikoni: moshi, unyevu, mchwa.

Kaseti nazo tusizisahau. Tunazo za harusi ya wazazi, na sauti ya guka akiomba dua imo. Nilipata fundi mwenye redio kaseti inayofanya kazi, akazihamishia kwenye simu. Moja ilikatika katikati ya dua.

Nilichomeka:
Mnasema mazuri tu. Mimi nilimrekodi baba mkubwa dakika arobaini, nikaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp nikitegemea shukrani. Dakika ya ishirini na tatu anasema shamba la chini lilinunuliwa kwa mbuzi wa mke wa pili. Basi! Kufikia saa tatu usiku watu kumi na mmoja wamejitoa kwenye kundi. Wiki iliyofuata kukawa na kikao kwa chifu, na mimi niliyekuwa natafuta majina ya mababu nikaitwa shahidi.

Ushauri wangu: kabla hujabonyeza kitufe muulize mzee nani asikie na nani asisikie. Wazee wanajua. Baba mkubwa aliniambia baadaye, "Nilidhani ni yako peke yako." Sasa nina rekodi mbili mbili. Ya familia ina jando, ndoa, safari ya kwanza ya Nairobi. Nyingine nimempa dada yangu aifiche, na hata mimi hataki kuniambia iko wapi.

Binti Majengo:
Mnasema ushago, ushago. Sisi wengine ushago wetu ni hapahapa. Kwetu Pumwani, nyanya yake mamangu aliletwa mtoto kutoka Pangani ya zamani, na ndugu zake wakaja kuhamishiwa Shauri Moyo ile Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Kijiji kizima kimefutwa, na leo ukisema Pangani mtu anafikiria barabara ya juu ya Thika.

Hatuna kaburi la kuonyesha wala shamba. Tulicho nacho ni majina ya nyumba na nani alipanga chumba kipi. Mamangu anakaa uani jioni anatuhesabia: chumba cha kwanza mpishi wa mzungu, cha pili mwanamke wa Kinubi muuza mandazi, cha tatu askari aliyerudi vitani Burma. Nimechora ramani ya ua ule kwa rula, milango yote. Kila akikumbuka mtu anaita, "Lete karatasi."

Mjukuu Mwenzio:
@Mjukuu wa Maragua, nimekuwa nikiwaza lile la mtoto wa nane. Jibu unalo mkononi, liko kwenye hiyo programu. Angalia majina. Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza huitwa kwa mama yake baba, wa pili kwa mama yake mama, wa tatu ndio huanza mashangazi. Wasichana walioandikwa wameitwa nani na nani?

Mjukuu wa Maragua:
Nilipoisoma hii nilitoa programu kwenye droo. Wasichana ni watatu. Wa kwanza ana jina la mama yake guka, sawa. Wa pili ana jina la dada mkubwa wa guka. Wa tatu, dada mdogo wa guka. Jina la mama yake cucu halipo kwa mtoto yeyote. Miaka yote hii hatukuona pengo lililokuwa likiitwa kila siku mezani kwa kukosekana kwake.

Jumamosi nilikwenda Maragua kwa mdogo wake cucu, wa mwisho aliyebaki kwao. Sikumuuliza mwaka, nilifuata maneno ya Mwana wa Kangundo. Nikamuuliza, wakati wa mianga cucu alikuwa anafanya nini? Akasema alikuwa akitumwa kununua muhogo peke yake, na yeye mdogo mtu akimlilia amfuate. Kwa hiyo tukamweka karibu na 1931, na kifungua mimba wa 1952 hachekeshi tena.

Kisha nikamuuliza, dadako msichana wake wa pili aliitwa kwa nani? Aliacha kupembua maharagwe. Akasema jina. Alizaliwa kijijini kile walimokusanywa watu na kuzungushiwa handaki, akafa kwa homa kabla hajatambaa, na hapakuwa na ruhusa ya kutoka kumzika kwao. Jina hawakulirudia, guka aliogopa. Nikamuuliza kama naweza kuliandika. Akaniuliza nitaliandika wapi. Nikamwambia kwenye daftari, kwanza. Akasema sawa, lakini nisimsomee mjomba kabla yeye mwenyewe hajaongea naye.

Nilitaka anionyeshe kijiji kilipokuwa, jua likawa limezama. Narudi Jumamosi ijayo. Ameagiza sukari kilo mbili na betri za redio.