Bustani ya bibi haipo tena: nipange vipi kitabu chake cha picha?

BintiBububu

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa sanaa katika skuli ya sekondari hapa Unguja. Nachora kitabu cha picha kuhusu bustani ya bibi mzaa mama, iliyokuwa nyuma ya nyumba yake Bububu. Alipofariki nyumba iliuzwa, na pale sasa pamesimama ghorofa.

Ilikuwa bustani ya biashara. Bibi aliuza maua ya vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake: asumini, mrehani, kilua, mkadi, na langilangi za mti mmoja mrefu uliokuwa ukimwaga maua juu ya paa la choo. Alasiri alitutuma wajukuu kuchuma asumini zingali vitumba, na ole wake atakayeleta lililokwisha funguka. Siku za harusi wanawake walianza kugonga mlango kabla ya adhuhuri.

Picha iliyobaki ni moja tu, ya harusi ya mama mdogo. Nyuma ya bibi harusi unaonekana ukingo wa kisima na majani ya mkadi. Mengine yote nayapata kwa midomo, na midomo haikubaliani. Mama mkubwa anasema kisima kilikuwa upande wa kibla. Mama mdogo anasema hapana, upande wa barabara, na kwamba karibu yake palikuwa na mkomamanga. Mama mkubwa anaapa kuwa mkomamanga haukuwahi kuwapo.

Nimekuwa nikifungua vitabu vya zamani kwenye tovuti za maktaba za nje. Kilichonishika ni Hortus Eystettensis cha mwaka 1613. Basilius Besler, mfamasia wa Nuremberg, alikitengeneza kwa ajili ya askofu wa Eichstätt, Ujerumani, aliyekuwa na bustani kuzunguka ngome yake. Maua yalipelekwa Nuremberg ndani ya masanduku, yakachorwa mabichi, kwa ukubwa unaokaribia ule wake wa kweli. Askofu alifariki 1612, hakukiona kitabu kimekamilika. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyopiganwa Ulaya 1618 hadi 1648, vikaiharibu bustani. Kurasa 367 za michoro zimebaki, na mwaka 1998 pale ngomeni ilifunguliwa bustani mpya yenye mimea ya kitabuni.

Besler alipanga mimea kwa majira. Kiangazi kina kurasa 184, majira ya baridi 7 tu. Nilitaka nami nipange hivyo, kaskazi, masika, kipupwe, vuli. Lakini kitabu chake kinakupa ua na hakikuambii lilisimama wapi. Mimi nataka msomaji aingie mlangoni na ajue kisima kiko wapi. Nani anajua kitabu kilichochora mahali penyewe? Na wachoraji hao walifanya nini pale ambapo hakuna aliyekumbuka?

Mpima_Viwanja

Mwalimu, tafuta Hortus Palatinus cha Salomon de Caus, 1620. Ni bustani ya kasri la Heidelberg, Ujerumani, imechorwa kama inavyoonekana na ndege: matuta makubwa ya ardhi, ngazi, chemchemi, kila kitanda cha maua mahali pake. Ukishika kitabu hicho unaweza kutembea kwa kidole kutoka lango hadi lango.

Tahadhari moja. Bustani hiyo haikumalizika. Mwenyewe, Frederick wa Tano, mtawala wa Heidelberg, aliondoka 1619 kwenda kupokea ufalme wa Bohemia (Czech ya leo), kazi ikasimama, kisha vita vikaja. De Caus alichapisha bustani kamili kuliko iliyokuwapo, na leo macho hayawezi kutenganisha kilichojengwa na kilichokusudiwa. Kwa hiyo chora ramani, ni lazima, lakini pale usipokuwa na hakika tumia mstari wa vitone. Sisi kazini hatuchori mpaka unaogombaniwa kwa mstari mzima.

Nassor_wa_Mkunazini

Mfuate mama mkubwa. Yeye ndiye aliyekaa na bibi miaka mingi zaidi.

BintiBububu

Kaka Nassor, mama mkubwa aliolewa mapema akahamia Pemba. Aliyekuwa akimwagilia kila siku ni mama mdogo. Siwezi kumnyamazisha mmoja kwa sababu ya umri.

Fundi_Jalada

Dada, mimi ni fundi wa kujalidi vitabu, Mombasa, na nakuletea Humphry Repton, Mwingereza aliyefariki 1818. Alipanga bustani za matajiri, na wateja wake wengi walitengenezewa kitabu cha mkono kilichojalidiwa kwa ngozi nyekundu. Ndani alichora shamba kwa rangi za maji, kisha akagundisha kipande cha karatasi juu ya sehemu ya picha. Kipande kikiwa kimelala, unaona shamba lilivyo. Ukikifunua, unaona alivyopendekeza liwe. Uzio unatoweka, ziwa linatokea.

Repton alitumia ufundi huo kuonyesha kesho. Wewe utumie kwa jana yenye mashahidi wawili. Ukurasa wa kisima uchore kwa maneno ya mama mkubwa, bila mkomamanga. Juu yake weka kipande chenye kisima na mkomamanga wa mama mdogo. Wote wawili watajiona kitabuni, na msomaji atajua kuwa hapo pana maneno mawili.

Vipande hivyo viwe vichache. Ukivitia kila ukurasa, mkono wa msomaji utachoka na jambo lenyewe litapungua uzito.

Mzee_wa_Maktaba

Nimesoma yote, na swali la mwisho la mwalimu bado halijajibiwa: wachoraji walifanya nini pasipo aliyekumbuka?

Babur, aliyeanzisha ufalme wa Mughal huko Uhindi, alipanda bustani aliyoiita Bagh-i Wafa karibu na Jalalabad, Afghanistan ya leo, mwaka 1508 au 1509. Aliiandika katika kumbukumbu zake kwa Kituruki cha Chagatai: makomamanga, michungwa, maji yanayopita, na jinsi alivyoleta migomba ikastawi. Alifariki 1530. Mjukuu wake Akbar aliagiza kumbukumbu hizo zitafsiriwe kwa Kiajemi, kazi ikakamilika 1589, ndipo wachoraji wa kasri wakapewa maandishi wayatilie picha.

Picha ya bustani hiyo ya mwaka 1590 hivi iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, na unaweza kuiona kwenye tovuti yao. Aliyeichora ni Bishndas, nyuso zikachorwa na Nanha. Babur amesimama na vazi la manjano, anaelekeza kwa mkono. Watu wamevuta kamba kupima. Mmoja ameshika ubao wenye mistari ya miraba. Maji yanaigawa bustani sehemu nne, na nje ya lango wageni wanasubiri wafunguliwe.

Wale walichora kitu cha miaka 80 nyuma. Walikuwa na maneno ya mwenye bustani, halafu wakayajaza kwa walichokijua kwa macho yao: mafundi wa zama zao, majembe ya zama zao, miti waliyoizoea. Ndiyo maana picha ina uhai. Maneno yalikuja kwanza, na mkono ukafuata.

Basi nakuomba, mwalimu, kabla ya kuchora ukurasa mwingine waandike mama zako neno kwa neno, kila mmoja peke yake, mwingine akiwa hayupo chumbani. Usiwaulize "kisima kilikuwa wapi". Waulize walipita wapi wakiwa na ndoo, jua liliwapiga upande gani, nani aliteleza wapi. Miguu inakumbuka njia ambayo kichwa kimeisahau. Pengo likibaki, lijaze kwa miti unayoijua Bububu, na mwisho wa kitabu useme wazi kipi ni chako.

Msomi_Beijing

Naongeza moja. Nilisoma Beijing na nikaenda Yuanmingyuan, bustani ya wafalme iliyochomwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860. Watu wote hupiga picha kwenye magofu ya mawe, lakini hayo ni mabaki ya majengo ya mtindo wa Ulaya yaliyoanza kujengwa 1747. Sehemu kubwa ya bustani ilikuwa ya mbao na maji, na mbao ziliungua. Hiyo ndiyo iliyomo katika picha 40 za hariri zilizokamilika 1744, kazi ya Tang Dai na Shen Yuan, ambazo sasa ziko maktaba ya taifa ya Ufaransa, Paris.

Kila picha ina shairi la mfalme Qianlong kando yake. Huko kwenu watungaji hawakosekani. Mwombe mama mkubwa ubeti mmoja kwa kila mti, auandike kwa mkono wake.

BintiBububu

Nawashukuru sana. Nimeamua hivi. Ramani moja ya kufunua mwanzoni, yenye vitone. Halafu majira manne. Vipande vya kufunua viwili tu: kisima, na mlango wa uani ambao nao wanauzozania. Mzee wangu, nimeanza na njia ya ndoo, na wote wawili, kila mmoja peke yake, wamesema walikuwa wakijikwaa kwenye mzizi wa mlangilangi wakirudi. Sasa najua njia ya kisima ilipita upande wa choo, maana bila hivyo wasingeupita mti ule.

Fundi, karatasi ya gramu 200 itafaa kwa vile vipande?

Fundi_Jalada

Nzito mno, itavimbisha kitabu na kukatika kwenye mkunjo. Ukurasa uwe wa gramu 200, kipande gramu 120. Acha ukingo wa sentimita moja wa kugundishia, tumia gundi ya unga wa ngano, na ukunje kufuata uelekeo wa nyuzi za karatasi. Kausha chini ya uzito usiku kucha kabla ya kupaka rangi.