Makontena ya Linux juu ya FreeBSD bila mashine pepe, inawezekana?

MtunzaSevaKkoo:

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Natunza seva ya duka la jumla la vipuri vya pikipiki hapa Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Mashine ina RAM ya GB 8, inaendesha FreeBSD (mfumo endeshi kama Linux, ila si Linux) yenye ZFS, mfumo wake wa kutunza mafaili. Nilichagua hivyo kwa sababu ya umeme. Unakatika saa tisa alasiri, betri ya UPS imechoka, seva inazimika ghafla, lakini ikiwaka mafaili yapo vilevile. Hesabu za stoo ziko kwenye database ya PostgreSQL ndani ya jela yake (chumba kilichotengwa ndani ya FreeBSD), na sijapoteza risiti hata moja.

Sasa bosi kanunua programu ya kuchapa lebo za baakodi. Waliotuuzia wanatoa imeji ya kontena la Linux tu (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji), wanasema weka Docker, programu ya kuendesha makontena. Docker hapa haiwaki. Jamaa mmoja kanishauri nifute kila kitu niweke Ubuntu, roho inaniuma. Kuna njia nyingine? RAM iliyobaki ni kama GB 3, na Jumatatu lebo zinatakiwa.

FundiSinza:

Marahaba. Usifute kitu, mdogo wangu.

Kontena si kompyuta ndani ya kompyuta, yaani mashine pepe. Fikiria nyumba ya kupanga kule Magomeni: kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, ila mita ya LUKU ni moja. Mita hiyo ndiyo kerneli, kiini cha mfumo kinachohudumia programu zote. Docker ilipotoka 2013 ilijengwa juu ya vitu vilivyo ndani ya kerneli ya Linux, namespaces na cgroups (vya kutenga programu na kuzigawia rasilimali), ndiyo maana kwako haiwaki. FreeBSD ina kuta zake yenyewe, hizo jela unazozitumia, tangu toleo la 4.0 mwaka 2000.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui, nami naliona ni la thamani sana: kerneli ya FreeBSD inaelewa lugha ya Linux. Sehemu hiyo inaitwa Linuxulator. Programu ya Linux ikiomba kufungua faili, ombi linakuja na namba ya Linux. Kerneli inaliangalia kwenye jedwali la Linux, kisha inalitimiza kwa mikono yake yenyewe. Hakuna mashine inayoigizwa, kwa hiyo hakuna RAM ya kutengwa pembeni.

Kama root, fanya hivi (Podman inaendesha makontena kama Docker, ila kwenye FreeBSD inatumia jela):

`sysrc linux_enable=YES`
`service linux start`
`pkg install podman-suite`
`mount -t fdescfs fdesc /dev/fd`
`zfs create -o mountpoint=/var/db/containers zroot/containers`

Kwa mtandao, anza na mfano wa pf.conf (faili la kanuni za firewall) ulio kwenye /usr/local/etc/containers. Kisha jaribu `podman run --os=linux` na jina la imeji ya Linux, Alpine kwa mfano. Ikikubali, ingiza hiyo ya lebo. Ikikataa, soma `dmesg`: ombi ambalo kerneli hailijui mara nyingi hutajwa humo. Programu inayolazimisha io_uring au systemd, vitu vya Linux yenyewe, usihangaike nayo.

DadaMwenge:

Kaka Fundi, nakuheshimu, ila duka la mtu linategemea lebo hizo. Mkalimani akikosa neno moja, kazi inasimama. Microsoft walianza njia hiyohiyo: WSL (sehemu ya Windows ya kuendesha programu za Linux) ya kwanza ya 2016 ilitafsiri maombi ya Linux, halafu WSL 2 wakaweka kerneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe. Hata Docker kwenye Mac inaendesha Linux iliyofichwa ndani. Mdogo wetu ana bhyve, programu ya kuendesha mashine pepe, imo ndani ya FreeBSD tangu 10.0. Aipe GB 1, aweke Linux ndogo humo, alale usingizi.

FundiSinza:

Hoja yako nzito, dada, na kwa database ya Linux ningekufuata. Hii ni programu ya kuchapa lebo. Ajaribu kwanza, kujaribu hakuharibu stoo. Ikigoma, bhyve.

MtunzaSevaKkoo:

Wakuu, mrejesho. Alpine iliwaka papo hapo. Programu ya lebo nayo ikawaka, ukurasa wake ukafunguka, lakini printa haionekani. Printa iko kwenye USB. Programu inatafuta /dev/usb/lp0, FreeBSD inaiita /dev/ulpt0. Nimepoteza saa mbili hapo.

DadaMwenge:

Hapo ndipo nilipokuwa napaogopa, vifaa. Printa yako ina tundu la waya wa mtandao?

MtunzaSevaKkoo:

Linalo, dada, asante sana! Nimechomeka kwenye swichi, nikaipa anwani yake, nikaielekeza programu kwenye bandari ya 9100. Lebo zinatoka. RAM haijapanda hata MB 300.

FundiSinza:

Vizuri sana. Sasa weka mstari wa fdescfs kwenye /etc/fstab, washa kontena kwa `--restart=always`, halafu `sysrc podman_enable=YES`. Bila hayo, umeme ukirudi kontena litabaki limelala.

MtunzaSevaKkoo:

Nimeweka. Nimepiga snapshot ya ZFS (nakala ya hali ya mafaili ya wakati huo), nikachomoa waya wa umeme makusudi bosi akiangalia. Dakika tatu, stoo imerudi, kontena limerudi, tumechapa lebo ya plagi za Boxer.